Sanrufu inavuja? Angalia mifereji kwanza kabla ya kupaka silikoni

Mvua za Kisumu zikianza watu wengi wanaona kapeti ya mbele imelowa ama maji yanadondoka karibu na taa ya ndani, na fundi anakuambia raba ya sanrufu, kile kioo cha paa kinachofunguka, imeisha. Mara nyingi si raba jamani. Hiyo raba haizuii maji yote, kuna trei chini ya kioo inayokusanya yale yanayopita, na kwa gari nyingi trei iko na vitundu kwenye kona nne vyenye paipu ndogo, ndiyo hiyo mifereji, zinazoshuka ndani ya nguzo za gari mpaka nje. Vumbi na majani yakiziba hapo, maji yanarudi ndani.

Fungua sanrufu yote, panguza trei na kitambaa, tafuta vitundu kwa tochi. Mwaga maji kidogo tu, nusu kikombe, halafu chungulia chini ya gari, paipu za mbele mara nyingi zinatokea karibu na bawaba za mlango na za nyuma karibu na gurudumu. Hakuna kitu kimetoka? Chukua uzi mnene wa nailoni ule wa mashine ya kufyeka nyasi, ufanye ncha iwe laini, sukuma polepole ukizungusha. Tafadhali usitumie waya ngumu, inatoboa paipu. Na kompresa ya pale kwa watu wa tairi achana nayo kabisa, presha inachomoa paipu ndani ya nguzo na hapo utalazimika kung'oa silingi, ile dari ya ndani ya gari.

Maji yakipita vizuri, inua kapeti uanike siku ya jua, chini yake kuna nyaya.