Namna ya Kulichambua Kosa la Jinai: Kutoka Hati ya Mashtaka Hadi Utetezi

Anayeshika jalada la kesi ya jinai kwa mara ya kwanza hupenda kuuliza kama mshtakiwa ana utetezi, kabla hajajua upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha nini. Mpangilio ninaoueleza hapa, ambao ndio ninaoufuata katika kazi ya uwakili, huanzia upande wa pili, na unafaa katika nchi ambazo sheria yake ya jinai ina asili ya Uingereza. Vifungu na adhabu hutofautiana, kwa hiyo kila hatua isomwe pamoja na sheria ya mahali kesi ilipofunguliwa.

Hatua ya 1: Kivunje kifungu

Soma hati ya mashtaka, kitafute kifungu kilichotajwa, kisha ukigawe katika viambato vyake, kila kimoja katika mstari wake. Usiridhike na jina la kosa. Neno "wizi", kwa mfano, linabeba mambo kadhaa kwa pamoja: kwamba kitu kilichukuliwa, kwamba kitu hicho ni mali ya mtu mwingine, kwamba mwenyewe hakuridhia, kwamba mchukuaji alifanya hivyo kwa hila, na kwamba alikusudia kumnyima mwenye mali kitu hicho kwa kudumu. Mbele ya kila kiambato andika jina la shahidi au namba ya kielelezo kinachokithibitisha. Mstari utakaobaki mtupu ndio utakaoamua kesi, na mara nyingi huonekana siku hiyohiyo ya kwanza.

Hatua ya 2: Chunguza tendo na matokeo yake

Tendo la jinai lazima liwe la hiari. Mkono uliorushwa na kifafa haumtii hatiani mwenye mkono. Kutotenda nako kunaweza kuwa kosa, lakini pale tu ambapo sheria ilimpa mtu wajibu wa kutenda, kama mzazi kwa mtoto wake au mtu aliyelipwa kulinda usalama wa wengine.

Kwa makosa yanayohitaji matokeo, kama kuua, swali la ziada ni kama tendo hilo ndilo lililoleta matokeo. Katika kesi ya White, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1910, mshtakiwa alitia sumu katika kinywaji cha mama yake, lakini mama huyo akafariki kwa maradhi ya moyo ambayo hayakutokana na sumu hiyo. Nia ya kuua ilikuwapo, na maiti ilikuwapo, ila uhusiano kati ya hivyo viwili haukuwapo. Akatiwa hatiani kwa kujaribu kuua tu.

Hatua ya 3: Itafute nia

Hapa ndipo kesi nyingi zinaposhindwa au kushinda. Anza kwa kujua ni kiwango gani cha nia ambacho kifungu kinadai: kukusudia, kujua, kutojali hatari ambayo mtu aliiona, au uzembe. Yapo pia makosa, hasa ya usalama barabarani na ya biashara, ambayo hayahitaji nia yoyote, na kwa hayo hatua hii ni fupi.

Usichanganye nia na sababu iliyomsukuma mtu. Aliyeiba dawa ili amtibu mgonjwa alikusudia kuiba, hata kama moyo wake ulikuwa mwema; huruma yake itazingatiwa wakati wa kupanga adhabu. Kadhalika, kukosekana kwa sababu hakumtoi mtu hatiani, ingawa kunaweza kudhoofisha ushahidi wa mazingira.

Kwa kuwa hakuna shahidi anayeweza kuingia ndani ya kichwa cha mtu, nia husomwa katika mazingira: silaha iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, wingi wa mapigo, maneno yaliyosemwa kabla na baada ya tukio, na mwenendo wa mshtakiwa alipofuatwa. Ningeonya hapa kwamba kukimbia peke yake ni ushahidi dhaifu, kwani hata asiye na hatia hukimbia kundi lenye hasira.

Nia na tendo vinatakiwa kukutana. Kesi ya Thabo Meli, iliyotoka Basutoland (sasa Lesotho) na kuamuliwa mwaka 1954 na Baraza la Faragha jijini London, lililosikiliza rufaa za mwisho kutoka makoloni, inaonyesha jinsi mahakama isivyokubali kanuni hii igeuzwe mwanya. Washtakiwa walimpiga mtu ndani ya kibanda, wakadhani amekufa, wakamsukumia chini ya jabali ili ionekane ni ajali. Kumbe alikuwa hai, na kilichomuua ni kuachwa kwenye baridi. Walidai kwamba walipokuwa na nia hawakuua, na walipoua hawakuwa na nia. Baraza lilikataa, likayahesabu matendo yote kuwa mfululizo mmoja.

Hatua ya 4: Weka mzigo wa kuthibitisha mahali pake

Hadi mwaka 1935 baadhi ya majaji wa Uingereza walikuwa wakiliambia baraza la wazee wa mahakama (jury), yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, kwamba, kuua kukishathibitika, ni juu ya mshtakiwa kuonyesha kuwa hakukusudia. Katika kesi ya Woolmington, kijana aliyesema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya na kumuua mkewe, House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, ilifuta mtazamo huo: upande wa mashtaka ndio unaothibitisha kila kiambato, nia ikiwamo, bila kuacha shaka ya msingi. Mshtakiwa anatosheka kuibua shaka hiyo. Utetezi wa ugonjwa wa akili ndio unaojulikana zaidi miongoni mwa machache yanayomtwika mshtakiwa mzigo, na hata hapo kwa kiwango chepesi zaidi, yaani kwamba jambo linaelekea kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Hatua ya 5: Ulinganishe utetezi na viambato

Sasa, na si kabla ya hapa, uliza utetezi unagusa mstari gani katika orodha yako. Kutokuwapo mahali pa tukio, ajali na kukosea ukweli hukanusha kiambato. Aliyechukua baiskeli akiamini kwa dhati kuwa ni yake hakuwa na hila. Angalia tu kama sheria ya nchi yako inatosheka na imani ya dhati, au inataka iwe pia ya busara. Kutoijua sheria hakumwokoi mtu.

Kujihami ni tofauti: mshtakiwa anakiri tendo na kusema lilikuwa halali. Mahakama itapima kama shambulio lilikuwapo au lilikaribia, na kama nguvu iliyotumika ililingana na hatari.

Utetezi mwingine husamehe. Kanuni za M'Naghten za mwaka 1843 zinadai ugonjwa wa akili uliomfanya mtu asijue alichokuwa akikitenda, au asijue kuwa ni kibaya. Kulazimishwa kwa vitisho vya kifo husaidia katika makosa mengi, lakini si katika kuua kwa kukusudia, na dhiki peke yake nayo haikukubaliwa kuhalalisha mauaji katika kesi ya Dudley na Stephens ya mwaka 1884, mabaharia wenye njaa waliomuua na kumla kijana wa chombo chao. Kukasirishwa ghafla, pale sheria inapokutambua, hushusha tu kosa la kuua kwa kukusudia. Ulevi wa kujitakia si utetezi kamili, bali unaweza kuzingatiwa pale kosa linapodai nia mahususi.

Hatua ya 6: Chagua msimamo mmoja na uuonyeshe mapema

"Sikuwapo" na "nilijihami" haviwezi kusimama pamoja kinywani mwa mtu mmoja. Ukishachagua, toa taarifa mapema ikiwa sheria inaidai, kama ilivyo katika nchi nyingi kwa utetezi wa kutokuwapo, kisha uuweke utetezi huo mbele ya mashahidi wa mashtaka wakati wa maswali ya dodoso. Utetezi unaosikika kwa mara ya kwanza mshtakiwa akiwa kizimbani huelekea kuonekana umebuniwa baadaye, hata kama ni wa kweli.