Somo: Kupima thamani ya rupia ya Mjerumani kabla hujaiuza

Napigiwa simu na watu wa Machame, Kibosho, hata Tengeru. Mtu kachimba shimo la mgomba kihambani, jembe limegonga kitu, na neno la kwanza ni: "Nina hela ya Mjerumani, ni milioni ngapi?" Mara nyingi milioni hazipo. Fuata hatua hizi kabla hujaanza kupanga bajeti.

1. Itambue. Mzee mwenye masharubu na kofia ya vita, amezungukwa na maneno Guilelmus II Imperator, ndiye Kaisari wa Ujerumani, na hiyo ni rupia. Za 1890 hadi 1902 nyuma zina nembo ya simba na mti. Mwanzoni rupia moja ilikuwa pesa 64; mwaka 1904 ikagawanywa heller 100, na hapo ndipo tulipopata neno letu "hela". Kwenye sarafu za tangu 1904 tafuta herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora. Aina ileile, mwaka uleule, herufi tu yaweza kubadili bei.

2. Ipime. Nenda kwa sonara, mizani ya dukani ya sukari haifai. Rupia moja ina gramu 11.66, na fedha (madini, yaani silva) ndani yake ni asilimia 91.7, yaani karibu gramu 10.7 za fedha safi. Zidisha kwa bei ya gramu ya fedha siku hiyo. Hiyo ndiyo bei ya kuyeyusha, na anayekupa chini ya hapo anakupunja. Shilingi ya Afrika Mashariki ya Mfalme George, 1921 hadi 1946, ni fedha robo tu, kama gramu 1.9. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa.

3. Angalia uhaba. Uzee peke yake haulipi. Sarafu ya rupia mbili ilitengenezwa 1893 na 1894 tu, na wakusanyaji wanaitafuta kwa tochi. Heller 20 ya Tabora ya 1916 ina historia tamu: vita vimekaza, meli haziji, Wajerumani wakafyatua sarafu kwenye karakana ya reli. Lakini walizifyatua kwa wingi, kwa hiyo ya kawaida haina bei kubwa. Rupia 15 ya dhahabu ya huko huko Tabora ni habari nyingine. Ina tembo mbele ya mlima (sisi wa Moshi hatuulizi ni mlima gani), na zilitoka 16,198 tu. Bandia zake ni nyingi, usinunue mtaani.

4. Hali. Hapa ndipo watu wanapoumia. Mama mmoja aliniletea rupia ya 1911 inang'aa kama sufuria ya harusi. Kumbe usiku kucha ameisugua kwa majivu na steelwire ili "ipendeze kwa mnunuzi". Chini ya lensi shavu la Kaisari lilikuwa na mikwaruzo yote ya upande mmoja, nywele za masharubu zimelala. Mnunuzi alitoa bei ya kuyeyusha, basi. Ule weusi wa miaka mia ndio ushahidi kwamba haijaguswa. Iliyotobolewa ikawa kidani, au yenye alama ya kuchomelewa pete, nayo imeshuka.

5. Tafuta bei zilizolipwa mnadani, siyo zilizotangazwa. Kutangaza milioni tano hata mimi naweza. Na dalali naye lazima abakishe chake.

MASWALI

Usa River: Shikamoo mwalimu. Kuna jamaa anatafuta rupia "inayovuta mchele", anasema atalipa milioni mia, ila nitoe laki mbili za kuipima.
Jibu: Marahaba. Laki mbili hizo ndizo biashara yake. Fedha haivuti mchele wala sumaku. Ukiona punje zimenasa, tafuta asali au nta. Na ikinasa kwenye sumaku, hiyo ni chuma kilichopakwa.

Himo: Bibi aliacha kopo la shilingi na senti za Nyerere za 1966. Je?
Jibu: Zilitumika na kila mtu, na hazina fedha. Ambayo haijawahi kupita mikononi ndiyo hutafutwa. Za fedha na dhahabu ni zile za wanyama za 1974, ya twiga ya shilingi 25 na ya duma ya shilingi 1,500, lakini hizo hazikuwa za kununulia chumvi, kwenye kopo hutaziona.

Rombo: Yangu ni sarafu ya reale, ina sura ya mwanamke, mwaka 1780. Si ndiyo ya zamani kuliko zote hapa?
Jibu: Huyo ni Maria Theresa wa Austria. Alikufa 1780, na sarafu yake ikaendelea kutengenezwa ikiwa na mwaka huohuo hadi leo. Pima: iwe na gramu 28, fedha asilimia 83. Anza na bei ya fedha, halafu mpelekee anayejua tofauti ndogo za chapa.

Kiborloni: Mwalimu, nimesoma hatua ya nne nimechelewa. Yangu imeshalala kwenye ndimu tangu jana.
Jibu: Itoe sasa hivi, isuuze kwa maji masafi, ikaushe kwa kuigusisha kitambaa laini bila kufuta. Halafu nitumie picha.