Picha za Mlima Meru na wanyama wake: namna ninavyopanga siku ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha

Hifadhi ya Arusha na mji wa Arusha ni pua na mdomo, na labda ndiyo maana watu wanaidharau. Wengi wanapita moja kwa moja kwenda Serengeti na Ngorongoro. Wanaoingia nao, nawaona karibu kila wikiendi wakirudia kosa lilelile: gari linapita getini saa 4 asubuhi, linasimama kwa kila pundamilia, linafika kwenye maziwa ya Momella saa 7 mchana, watu wanashuka kupiga picha ya mlima. Mlima wenyewe saa hiyo umeshajifunika shuka.

Hapa ratiba ya siku anaipanga mlima. Ukimtii yeye kwanza, wanyama utawapata tu.

Hatua ya 1: Elewa mlima umekaaje

Meru ina urefu wa mita 4,566. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na kifusi kikamwagika hadi bondeni. Vilima vidogo na maziwa ya Momella unavyoviona leo vimetokana na kifusi hicho. Kwa hiyo kreta ya Meru, yaani shimo la volkano, ni kama kiatu cha farasi, uwazi wake unatazama mashariki. Jua linapochomoza, mwanga unaingia moja kwa moja ndani, unagonga ukuta wa mwamba na ile koni ya majivu iliyo katikati. Ni muda mfupi. Likishapanda, ukuta unakuwa bapa, hauna tena kivuli cha kuonyesha kina.

Jioni mambo yanageuka. Meru inakuwa kivuli cheusi, na Kilimanjaro, iliyoko mashariki, ndiyo inayopokea mwanga wa mwisho. Basi: asubuhi tazama magharibi, jioni geuka.

Hatua ya 2: Chagua msimu kwa picha unayoitaka

Kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari, asubuhi huwa safi na Kilimanjaro huonekana vizuri. Lakini angalia jambo moja ambalo lilinigharimu jioni kadhaa kabla sijaligundua. Miezi hiyo jua linazama kusini kidogo ya magharibi, yaani kwa anayesimama Momella, linazama nyuma ya Meru yenyewe. Kivuli cha mlima kinayafunika maziwa nusu saa au zaidi kabla ya jua kuchwa. Ukimpangia ndege wa ziwani saa 12 jioni, umechelewa. Juni na Julai jua linasogea kaskazini, mwanga unakaa kidogo zaidi majini.

Masika, Machi hadi Mei, watu wanakimbia kwa sababu ya matope. Mimi ndipo ninapopapenda zaidi. Mvua inaosha vumbi hewani, na asubuhi inayofuata mvua ya usiku Kilimanjaro inaweza kutoka na theluji mpya, imekatika vizuri kama imechongwa. Nenda na gari la magurudumu manne yanayovuta, na uwe tayari kurudi mikono mitupu siku mbili kati ya tatu.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, wingu hulala chini. Kwa picha za mandhari kutoka bondeni ni msimu mgumu, ila kwa msitu ni neema, kwa sababu ukungu unalainisha mwanga. Na ukiwa unapanda mlima, wingu hilohilo linakuwa bahari chini yako pale kibanda cha Miriakamba, mita 2,514.

Septemba na Oktoba kuna vumbi na moshi. Piga picha za karibu, achana na milima ya mbali.

Hatua ya 3: Maandalizi ya usiku

Shona mfuko wa kitambaa kigumu, ujaze mchele au maharage kilo 2. Unauweka dirishani, lenzi inalala juu yake, dereva anazima injini. Ndani ya gari unashinda stendi ya miguu mitatu mara kumi, na siku mkikwama njiani mna chakula.

Malipo ya getini si ya fedha taslimu, kamilisha mapema. Droni iache nyumbani kama huna kibali. Mkiwa na kiyoyozi njiani, kizimeni na mfungue madirisha robo saa kabla ya kufika. Niliwahi kutoka na kamera ya baridi kwenye hewa ya masika, lenzi ikaingia ukungu, nikabaki kuifuta kwa shati huku kreta ikiwaka mbele yangu.

Hatua ya 4: Alfajiri, mlima

Kama unaweza, lala ndani ya hifadhi au karibu na geti la Momella. Weka f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikipanda tundu linabana), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kamera kwenye stendi, na upime mwanga kwenye ukuta wa kreta, usipime angani. Usitumie lenzi pana. Lenzi pana inaigeuza Meru kuwa kichuguu. Anza na lenzi ya kuvuta, milimita 70 na kuendelea, ujaze fremu kwa mwamba.

Wa simu: gusa kioo palipo na mwanga mkali, shusha mwangaza kwa kidole kidogo kidogo hadi rangi irudi.

Hatua ya 5: Wingu likishuka, ingia msituni kwa mbega

Mbega asubuhi yenye baridi hupanda juu kabisa ya mti kuota jua. Ni mla majani, anapumzika sana, kwa hiyo hana haraka kama kima. Shida yake ni rangi: mwili mweusi tii, mabegani shela jeupe, mkiani shungi jeupe. Kamera ikiuona weusi huo ndani ya msitu wa giza inadhani kuna upungufu wa mwanga, inaongeza, na weupe unaungua. Siku yangu ya kwanza nao nilirudi na picha karibu 60, zote mbega amevaa taulo lisilo na unyoya hata mmoja. Punguza mwanga kwa stopu moja, yaani nusu yake, piga picha moja ya majaribio, ikuze kwenye kioo uangalie kama nyuzi za mkia zinahesabika. Usimpige akiwa na anga nyuma yake; sogea mpaka nyuma yake kuwe na majani.

Kuruka je? Kundi mara nyingi hupita njia moja, tawi lilelile, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza mwache aruke. Tazama alipotokea, weka fokasi kwenye ncha ya tawi hilo, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/1600 ya sekunde, ISO ipande hata 3200, kisha subiri wa pili. Chembechembe kwenye picha zinavumilika, mbega aliyetikisika havumiliki.

Ukitaka kutembea kwa miguu, utakuwa na askari mwenye bunduki. Akisema nyati wako karibu, funga kamera na umfuate. Simba hapa si wa kutegemea kuwaona, nyati ni wengi.

Hatua ya 6: Twiga na mlima

Kila mtu anataka picha hii na wengi wanaiharibu kwa kumsogelea twiga. Fanya kinyume. Mwambie dereva arudi nyuma mita 100 au zaidi, kisha vuta kwa lenzi ya milimita 200 au 300. Twiga atabaki ukubwa uleule kwenye fremu, mlima utakua nyuma yake. Uwanda wa Serengeti Ndogo, ukishapita geti la Ngurdoto, unakupa nafasi hiyo. Tumia f/11, kwa sababu ukifungua tundu sana Meru inakuwa uji. Subiri pia ageuze shingo. Twiga aliyeinamisha kichwa kwenye mgunga hana umbo.

Hatua ya 7: Maziwa, kisha Kilimanjaro

Heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, hawana makazi ya kudumu Momella. Maji ya maziwa haya ni ya magadi na mwani wake hutofautiana ziwa hadi ziwa, nao wanafuata chakula. Muulize askari getini leo wako ziwa gani, usizunguke kwa kubahatisha. Kaa chini usawa wa dirisha la gari, shata 1/1000, na uondoke pale kivuli cha Meru kinapogusa maji.

Hapo geuza gari. Kilimanjaro bado ina jua. Lenzi ndefu, f/8, na kipande cha mti mbele ili jicho lipate kipimo. Rangi hupita manjano, ikaja waridi, ikafa. Mkiwa hamlali ndani, kumbuka geti linafungwa jioni na barabara ni ya vumbi. Mpe dereva saa kamili ya kuondoka, ukubali kuikosa ile waridi.