Jinsi ya kuomba mahakama ya nchi nyingine ikazie tuzo yako ya usuluhishi

Umeshinda. Wasuluhishi watatu wametia saini, fidia umepewa, riba umepewa, hata gharama za mawakili umepewa. Aliyeshindwa kakaa kimya. Barua ya kwanza hakujibu; ya pili imepokelewa na mlinzi getini. Hapo ndipo wengi hugundua kuwa tuzo ya usuluhishi, yaani uamuzi wa watu mliowachagua kuamua mgogoro wenu badala ya mahakama, hata iwe nzito namna gani, haikamati mali ya mtu yenyewe. Msuluhishi hana dalali wa mahakama, na jopo likishatoa tuzo ya mwisho kazi yake imekwisha. Mwenye mkono wa kukamata ni mahakama ya nchi ilipo mali.

Njia ya kuifikia mahakama hiyo ni Mkataba wa New York wa tarehe 10 Juni 1958, ulioanza kutumika 7 Juni 1959 na ambao sasa una nchi wanachama zaidi ya 170. Msingi wake ni kwamba mahakama haisikilizi shauri upya. Wewe unaleta karatasi zinazotakiwa, basi. Wa kueleza kwa nini tuzo isikaziwe ni mwenzako. Nikiona maombi ya kurasa 40 yanayosimulia jinsi mwombaji alivyodhulumiwa, najua aliyeyaandika bado anapigana kesi aliyokwisha kuishinda.

Hakikisha kwanza kwamba ulicho nacho ni tuzo. Mwenye hukumu ya mahakama aangalie Mkataba wa Hague wa 2019, ulioanza kutumika Septemba 2023. Mwenye makubaliano yaliyotokana na upatanishi, ambako mpatanishi huwasaidia wahusika kuelewana bila kuwaamulia, aangalie Mkataba wa Singapore, ulioanza Septemba 2020. Yote miwili ina wanachama wachache sana ukilinganisha na huu wa New York.

Anza na mali, mahakama baadaye

Wengi hukimbilia nchi alikosajiliwa mdaiwa. Usajili ni anwani tu. Kampuni inaweza kusajiliwa mahali ambapo haina hata kiti. Ulizia fedha zake hupita wapi. Tafuta ankara ya mwisho aliyokutumia: mara nyingi chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna jina la benki na tawi. Angalia wateja anaowadai, hisa alizo nazo katika kampuni nyingine, meli, shehena iliyo njiani. Unaweza kuomba katika nchi zaidi ya moja kwa wakati mmoja, mradi usilipwe mara mbili.

Ukishajua nchi, angalia kama ni mwanachama wa Mkataba wa New York na kama iliweka masharti wakati wa kujiunga. Ibara ya 1 inairuhusu nchi kukubali tuzo zilizotolewa ndani ya nchi wanachama pekee, au zinazotokana na mahusiano ya kibiashara pekee. Halafu kuna ukomo wa muda, ambao mkataba hauutaji; kila nchi ina wake. Marekani ni miaka 3, Uingereza 6, China 2. Aliyesubiri mwaka na nusu akitumaini mazungumzo, kisha akagundua mali ziko China, amebakiwa na miezi sita ya kuandaa kila kitu.

Karatasi

Hapa ndipo maombi mengi hukwama, na hukwama kwa vitu vidogo. Ibara ya 4 inataka tuzo halisi iliyothibitishwa au nakala yake iliyothibitishwa, makubaliano ya usuluhishi yenyewe au nakala yake iliyothibitishwa, na tafsiri ya vyote viwili kama haviko katika lugha rasmi ya nchi unakoomba. Hakuna zaidi.

Kama usuluhishi uliendeshwa na taasisi, iombe sekretarieti yake nakala zilizothibitishwa, na uziombe tatu au nne kwa mpigo. Kama haukuendeshwa na taasisi, utahitaji mthibitishaji wa umma, na huenda pia muhuri wa apostili, ule wa mkataba wa Hague wa 1961 unaothibitisha hati ili ikubalike nchi nyingine. Hesabu kurasa. Nimewahi kuandaa faili ambamo ukurasa wa saini ulikuwa na saini mbili, ya tatu ikiwa kwenye karatasi ya peke yake kwa sababu msuluhishi huyo alisaini akiwa nchi nyingine. Aliyetoa nakala akaiacha karatasi hiyo. Karani wa masjala aliirudisha faili yote, na hakuwa amekosea.

Siku hizi tuzo nyingi hutolewa kama faili la PDF lenye saini za kielektroniki. Mahakama nyingine huzipokea bila neno, nyingine bado zinataka wino. Waombe wasuluhishi wasaini na nakala ya karatasi wakati jopo bado lipo. Mwaka mmoja baadaye mmoja wao atakuwa amestaafu, mwingine hajibu barua pepe.

Makubaliano ya usuluhishi nayo huleta tabu yakiwa hayamo katika mkataba mmoja uliosainiwa bali yametawanyika kwenye barua pepe. Ibara ya 2 inazungumzia barua na telegramu, maana mwaka 1958 barua pepe haikuwepo. Mwaka 2006 UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa, ilipendekeza orodha hiyo isichukuliwe kuwa imefungwa. Panga mawasiliano kwa tarehe, kuanzia pendekezo hadi ukubali, usimwachie jaji kazi ya kuyaunganisha.

Tafsiri ifanywe na mtafsiri rasmi au aliyeapishwa, au ithibitishwe na ofisa wa ubalozi au ubalozi mdogo. Mfanyakazi wako anayejua lugha hiyo vizuri hafai, hata kama kweli anaijua vizuri.

Maombi na kiapo

Fomu hutofautiana, ila maombi yenyewe yawe mafupi: wahusika ni nani, tuzo ilitolewa lini na wapi, kiasi gani kimelipwa, kiasi gani bado, riba inahesabiwaje hadi siku ya maombi. Andika majina kama yalivyo kwenye tuzo, herufi kwa herufi. Kama kampuni imebadili jina tangu hapo, ambatisha cheti cha mabadiliko. Hati ya kiapo iapwe na mtu anayeijua faili, si yeyote aliyekuwepo ofisini siku hiyo.

Katika nchi nyingi hatua hii ya kwanza husikilizwa upande mmoja, mdaiwa akiwa hayupo. Hilo lina bei yake: lazima uiambie mahakama hata yale yasiyokupendeza. Kama mwenzako amefungua shauri la kutengua tuzo kule ilikotolewa, liseme mwenyewe. Amri iliyopatikana kwa kuficha hufutwa kirahisi. Kama kuna dalili kwamba anahamisha fedha, omba zuio la mali siku hiyohiyo.

Amri ikitoka, mdaiwa hupelekewa na kupewa muda wa kuipinga. Uingereza, kwa mfano, ni siku 14 kama amepelekewa ndani ya nchi. Usikamate kitu kabla muda huo haujaisha.

Pingamizi utakazokutana nazo

Ibara ya 5 ina sababu saba tu za kukataa kuikazia tuzo, na jopo kukosea sheria au ushahidi si mojawapo. Zinazotumika sana ni kwamba mdaiwa hakupewa taarifa ipasavyo, kwa hiyo tunza kila risiti ya kampuni ya usafirishaji vifurushi tangu siku ya kwanza. Kwamba hakuwa mhusika wa makubaliano. Na kwamba tuzo inakiuka sera ya umma, yaani misingi mikuu ya sheria na maadili ya nchi unakoomba.

Hiyo ya uhusika ina mfano unaofundisha. Kampuni ya Dallah ilipata tuzo ya zaidi ya dola milioni 20 dhidi ya serikali ya Pakistan, makao ya usuluhishi yakiwa Paris. Novemba 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa kuikazia, ikisema serikali haikuwa mhusika. Februari 2011 Mahakama ya Rufani ya Paris ikaona tuzo hiyohiyo ni halali. Kuchagua nchi ya kwenda si jambo dogo.

Pia mpinzani anaweza kwenda kuitengua tuzo kule ilikotolewa. Nchi zinazofuata sheria ya mfano ya UNCITRAL humpa miezi 3. Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba tuzo ya dola bilioni 6.6 ya kampuni ya P&ID dhidi ya Nigeria, ambayo riba ilikuwa imeifikisha takriban bilioni 11, ilipatikana kwa udanganyifu. Shauri la namna hiyo likiwa linaendelea, mahakama unayoiomba inaweza kusubiri. Ikielekea huko, tumia ibara ya 6: omba mdaiwa aamriwe kuweka dhamana. Wengi husahau ombi hili, na pengine ndilo lenye faida kuliko yote.

Kukamata

Kuanzia hapa tuzo inakaziwa kama hukumu ya nchi hiyo. Mdaiwa akiwa serikali, kinga ya dola inabaki: akaunti ya ubalozi kwa kawaida haiguswi, mali ya biashara inaweza kuguswa. Akiwa kampuni, peleka nakala ya amri yenye muhuri wa mahakama kwenye benki ile iliyotajwa kwenye ankara. Akilipa sehemu tu, toa stakabadhi, punguza deni kwenye hesabu, na uijulishe kila mahakama uliyokwisha kuiomba.