Kufunga betri ya lithiamu kwenye gari la kulala safarini

Betri moja ya lithiamu (LiFePO4) ya volti 12, Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa) 100, inachukua nafasi ya mbili za asidi za ukubwa huo, kwani ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Kazi kubwa iko kwenye chaji.

Usiiunge moja kwa moja na altaneta (jenereta ya injini inayochaji betri ya gari). Lithiamu hunywa umeme mwingi mfululizo, na gari likisimama injini ikiwaka kwenye jua la mchana la Dodoma, altaneta inaungua. Funga katikati chaja ya DC-DC (inayopunguza umeme unaotoka kwenye altaneta) ya ampea 30, waya wa milimita 16 za mraba, na fyuzi ya ampea 50 karibu na kila betri.

Kabla ya kutoa betri ya zamani, chomoa paneli za sola, kisha waya wa hasi. Kontrola ya sola (kifaa kinachodhibiti chaji ya paneli) iweke volti 14.2 hadi 14.4, na uzime kabisa kusawazisha (equalization, chaji ya betri za asidi): volti zake zinapanda mno, betri inajizima.

Betri iweke ndani, mbali na injini. Barabara za vumbi hulegeza nati. Kichwa cha waya kilichogeuka kahawia kimeshapata moto. Kisugue, kaza upya.