Patachitra: kitambaa kwanza, miungu baadaye

Patachitra ni uchoraji wa Odisha, mashariki mwa India. Mafundi wa kijiji cha Raghurajpur, karibu na Puri, bado huchora mungu wa Kihindu Jagannath na nduguze, na visa vya mungu Krishna. Ukiwa Kampala au Soroti, vifaa vingi viko karibu, kwa maana gundi yake hutoka kwenye mbegu za ukwaju.

Loweka mbegu siku 3, menya ganda la kahawia, twanga hadi zilainike. Kikombe 1 cha mbegu zilizotwangwa kichemshe kwa vikombe 8 vya maji, moto mdogo, ukikoroga hadi ishike kama uji. Chuja, tumia siku hiyohiyo. Ikichacha huleta kuvu, hasa msimu wa mvua.

Bandika vipande 2 vya shuka kuukuu la pamba pamoja kwa gundi hiyo, sukuma hewa kwa kiganja, anika. Changanya gundi na chaki iliyotwangwa na kuchekechwa, paka pande zote mbili, tabaka 2 au 3 nyembamba, kila moja ikauke kabisa. Ukipaka nene, kitambaa kitapasuka pale unapokikunja. Chokaa ya ukutani usiiguse: inaunguza ngozi. Sugua kwa jiwe la kukwaruza, kisha kwa jiwe laini la mtoni hadi king'ae. Hapa wengi hukosa subira, na mstari mweusi huja kusambaa.

Rangi nyekundu na ya njano za asili hutengenezwa kwa madini ya zebaki na aseniki, ni sumu. Badala yake koroga udongo mwekundu majini, ngoja dakika 1 mchanga utuame, mimina maji yenye rangi kwenye bakuli jingine, uache unga uzame. Kwa njano tumia udongo wa njano. Manjano ya jikoni hupauka juani. Nyeusi ni masizi ya utambi wa mafuta ya kupikia. Changanya kila rangi na gundi ya mgunga ili ishike: ikipungua, rangi huchujuka kidoleni, ikizidi, hubanduka.

Anza na pindo la maua, kisha umbo kwa mstari mwepesi, usuli mwekundu, miili, nguo, vito vyeupe. Jagannath ni mweusi, kaka yake Balabhadra mweupe, dada yao Subhadra wa njano. Mistari myeusi huja mwisho, kwa brashi ya nywele chache. Ukihifadhi, viringisha picha ikiwa upande wa nje.