Unataka kufundisha uhandisi wa umeme chuo? Anzia hapa dada

Dada uliyepo PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), cha kwanza ni GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, maana vyuo vya Tanzania TA (mkufunzi msaidizi, ngazi ya kwanza ya kufundisha) anachukuliwa kuanzia 3.8 ya digrii ya kwanza, na ukiomba kufundisha kwa masta wanataka GPA ya masta iwe 4.0, kwahiyo usizembee mwaka wa kwanza ukisema utarekebisha wa nne, haitoki hiyo. Fildi (mafunzo kazini) usikubali kupangishwa mafaili eti we binti, omba upelekwe sabusteshen (kituo cha kupozea umeme) ushike mita mwenyewe.

Ukishapata uTA, jina lako litajengwa maabara. Mfano osiloskopu (kifaa cha kuonesha mawimbi ya umeme kwenye skrini), ile klipu ya graundi imeungana na ethi ya ukutani kupitia plagi, mwanafunzi akiibana kwenye waya wenye moto ni shoti papo hapo, sasa we waoneshe kwa mita kabla hawajawasha chochote, uone kama kuna atakayekuletea dharau.

Utafiti chagua kitu unachoweza kupima hapahapa, kama sola za vijijini. Na usipaniki ukichelewa, Edith Clarke, mhandisi wa umeme wa Marekani, alipata masta chuo cha MIT 1919, uprofesa Chuo Kikuu cha Texas 1947 (huko katikati alikuwa kiwandani). Msimamizi wa PhD mchague kwa anavyojibu imeili, ukubwa wa jina baadaye.